Msimchemshe Profesa

Breslau, 2 Novemba 1889

Shemeji Traugott hana haya. Amekuja asubuhi na boksi zima, akalimwaga juu ya meza pale pale nilipokuwa nakanda unga, bila hata salamu. Leso za mfukoni! Nyekundu, mpya, zinanuka kiwanda, na kila moja ina uso wa Profesa Merzdorf katikati: ndevu zimechanwa, macho ya upole, mkono mmoja kwenye hadubini, mwingine juu ya kichwa cha mtoto mgonjwa. Kuzunguka pindo wameandika: Mshindi wa Kifua Kikuu.

"Ernestine, ona mambo hayo," akasema. "Mji mzima utanunua."

"Toa madude yako kwenye unga wangu."

"Madude? Huyu ni mkombozi wa watu!"

"Na awe mkombozi. Unga ni wangu."

Huyo mkombozi nimemwona mpaka nimekinai. Yuko kwenye viko vya tumbaku, yuko kwenye vikombe vya bia, yuko kwenye biskuti za tangawizi, watoto wanamng'ata pua njiani. Tangu magazeti yaandike kwamba ametengeneza maji ya sindano yanayoponya kifua, mji huu umerukwa na akili. Wagonjwa wanashuka stesheni usiku na mchana, wengine wanabebwa kwenye viti.

Kumbe leso zilikuwa utangulizi tu. Traugott akaketi, akajimiminia kahawa yangu, ndipo akasema amemwahidi mtu chumba cha nyuma. Mwalimu kutoka Ratibor, mgonjwa, anakuja kudungwa sindano, hoteli zote zimemkataa. Ameahidi bila kuniuliza! Anajua fika kwamba Heinrich, mume wangu, ndugu yake wa toka nitoke, alifia chumba kile kile kwa kifua hicho hicho, na kwamba nimebaki na binti yetu Selma peke yake. Nimemfokea mpaka jirani wa juu akagonga sakafu. Traugott alisubiri nichoke, akala vipande viwili vya keki, akaenda zake. Mwalimu anafika Jumanne.

5 Novemba

Amefika. Anaitwa Alois Gorek, ana miaka ishirini na sita, mrefu, mwembamba, koti linamning'inia. Mfukoni mwa kifuani imechomoza leso ya Profesa. Nilikuwa nimejiandaa kumkaripia, akanitangulia kwa kusema, "Mama, najua hukutaka nije. Asante kwa kunipokea." Basi nikabaki na hasira zangu mkononi, sina pa kuziweka.

Nimempa masharti. Atatemea kwenye kopo lenye kifuniko. Atakula na sahani zake. Shuka, mashati na leso zake vitachemshwa kwenye sufuria yangu siku ya kufua. Selma haingii chumbani kwake. Amekubali yote.

6 Novemba

Selma ameingia chumbani kwake. Eti kupeleka makaa ya mawe.

12 Novemba

Mvua na theluji pamoja. Gorek amekohoa kutwa.

18 Novemba

Siku ya ufuaji mkubwa, zamu yetu ya mwezi kwenye chumba cha kufulia cha uani. Kabla ya kwenda nikagonga mlango wa Gorek. Akanipa kila kitu, amekikunja vizuri kama mwanamke. Nikabaki nimesimama.

"Na hiyo ya mfukoni, Bwana Gorek."

"Hii hapana, mama. Muuzaji amesema haichemshwi, uso utatoka. Inasuuzwa kwa maji baridi tu."

"Muuzaji ni shemeji yangu."

"Basi atakuwa anajua."

Loo! Nikashuka uani damu inanichemka. Huko nako nikamkuta Bi Scholz wa ghorofa ya pili, mume wake anakohoa tangu Pasaka. Ana leso nne za Profesa, amezisuuza kwenye beseni la maji baridi, anazianika moja moja kwa ncha za vidole. Makohozi bado yanaonekana! Nikamwambia, "Zitie humu, maji yanatokota."

"Humu? Pamoja na chupi?"

"Pamoja na chupi."

"Weee, Bi Raschdorf! Utamchemsha mtu wa watu na chupi za mume wangu?" Akacheka, lakini akazivuta zake karibu, kama vile ningezinyakua. Kwao Wakatoliki kitambaa chenye uso kina heshima yake, kama kile kilichopangusa uso wa Yesu, hilo naelewa. Lakini sisi Waprotestanti wa uani kwetu tunafanya vivyo hivyo, sijui tuna kisingizio gani.

Jioni nikamwendea Traugott dukani. Kwa nini anawaambia watu wasichemshe? Akanishangaa. "Umesahau leso za Kaisari?" Sijasahau. Baada ya vita, mwaka sabini na moja, aliuza leso zenye uso wa Kaisari, na kila aliyechemsha alibaki na kitambaa cha rangi ya waridi chenye doa. Watu walizirudisha dukani wakimuuliza Kaisari amekwenda wapi. Mtaa mzima ulimcheka mwaka mzima. "Sirudii ujinga ule," akasema. "Maji baridi, na uso unadumu."

"Na hizi umewahi kuzijaribu?"

"Nijaribu nini? Leso ni leso."

2 Desemba

Nimemsindikiza Gorek kliniki kwa sindano ya kwanza. Asingeweza kupanda ngazi peke yake. Ukumbi umejaa watu hadi mlangoni, na karibu kila mmoja ameshika leso nyekundu mdomoni. Siyo kwa kukohoa tu. Wanaibusu kabla ya kuingia! Wanambusu Profesa kwenye mdomo, kisha wanaikunja na kuirudisha, na mama mmoja kutoka milimani alimpa mwenzake aliyesahau yake nyumbani. Niliona kwa macho yangu.

Akaja mzee mmoja mfupi, kipara, amevaa viatu vya mpira juu ya viatu, anajipenyeza na mkoba. "Samahani. Samahani, mama, naomba nipite."

"Panga foleni, baba!" yule mama wa milimani akamkemea.

"Mimi nafanya kazi hapa."

"Kila mtu anasema hivyo."

Hata mimi nilicheka. Ndipo bawabu akapaza sauti, "Mpisheni Profesa!" Watu wote wakanyoosha shingo, wakamtafuta juu ya kichwa chake, kule mlangoni, mtu mwenye ndevu zilizochanwa. Hakuna aliyemtazama yeye. Anazo ndevu, lakini chache, za mvi, upande mmoja zimeungua.

Mimi nikamshika mkono wa koti. Sijui nilipata wapi ujasiri. Labda ni hasira tu.

"Bwana Profesa, watu hawachemshi."

"Hawachemshi nini?"

Nikachomoa leso mfukoni mwa Gorek nikampa. Akaishika kwa ncha za vidole, akaitazama muda. "Wamenipa nywele," akasema.

"Wanakoholea humu na kubusu humu, na hakuna anayechemsha, wanaogopa uso wako utatoka."

"Tangazo liko ukutani. Nimeliandika kwa mkono wangu."

"Hakuna anayesoma tangazo. Wanatazama picha."

"Mama, picha sikuichapisha mimi."

"Wala hukuikataa."

Masikio yakamwiva. Nilidhani ataniitia mlinzi. Akanirudishia leso, akasema kwa sauti ya chini, "Nusu saa, maji yakitokota, na magadi," akaingia ndani, mlango ukafungwa.

Mlango ulipofungwa ndipo nikaliona tangazo lake. Limebandikwa ukutani nyuma ya mlango, kwa hiyo mlango ukiwa wazi, na huwa wazi kutwa, halionekani. Karatasi ndogo kuliko picha ya mtu kwenye boksi la biskuti. Makohozi ndiyo yanayobeba vijidudu. Tema koponi. Leso zichemshwe. Mambo matatu, Kijerumani cha kawaida, mtoto wa shule angeelewa. Mtu amegundua jambo la kuokoa watu halafu analibandika nyuma ya mlango! Na ule uso wa uongo uko kila dirisha la mji. Nimerudi nyumbani nimekasirika hata supu sikuimaliza.

3 Desemba

Gorek ana homa kali. Gazeti linasema homa ni dalili ya kupona.

9 Desemba

Sindano ya pili. Homa tena. Gazeti linazidi kufurahi.

15 Desemba

Niliweka karatasi ukutani kwa Gorek, nimeyaandika yale maneno matatu kwa herufi kubwa. Ameisahihisha kwa penseli, nilikosea neno moja. Mwalimu ni mwalimu.

"Sasa nipe hiyo leso," nikamwambia.

"Mama, kila kitu nimekupa. Niachie hii." Kisha akatabasamu. "Nikipona nitakuletea mwenyewe uichemshe, na mimi ndani yake."

Nilitaka kumnasa kibao, na nilitaka kumpikia kitu kizuri. Nimempikia kuku.

24 Desemba

Soseji nyeupe, kabichi chachu, Traugott kama kawaida kaja wa kwanza kuondoka wa mwisho. Nilimruhusu Gorek aketi mezani, karibu na dirisha. Aliwaiga wanafunzi wake wa Ratibor wakisoma shairi kwa kugugumia, Selma akacheka hadi machozi. Sijamsikia akicheka hivyo tangu baba yake afe. Gorek akatoa leso kumpangusa machozi. Ile leso! Niliruka kwenye kiti nikamshika mkono, sahani ikaanguka.

"Ernestine, ni Krismasi," Traugott akasema.

"Krismasi haichemshi leso!"

Selma akaniangalia kama mgeni. "Mama, unamfanya ajione takataka," akasema, akaenda kuosha vyombo akilia machozi ya aina nyingine. Gorek aliomba radhi. Yeye ndiye aliyeomba radhi. Nimejisikia vibaya, na bado nina hasira, na naona nilikuwa sahihi.

13 Januari 1890

Kufua. Bi Scholz hakuja. Mume wake amezikwa juzi, na leso moja ya Profesa wamemfunika nayo uso. Zilizobaki tatu amewagawia watoto.

20 Januari

Baridi kali. Gorek hakuweza kwenda kliniki, wamekuja kumdunga hapa hapa. Daktari kijana, msaidizi wa Profesa, hakumtazama mtu yeyote usoni. Nilipomuuliza kama kuna nafuu, akafunga mkoba taratibu sana.

27 Januari

Selma ameniambia. Anampenda Gorek, akipona wataoana, asipopona anampenda vile vile. Nikamwambia hata baba yako nilimpenda, na nilimzika. Akasema, "Mbona basi hukumkimbia?"

Nimeacha kumzuia mlangoni. Anavaa aproni yangu, ananawa, anachemsha kila kitu, nimemfundisha vizuri. Kila kitu ila hicho kimoja.

9 Februari

Alois Gorek amefariki alfajiri. Alikuwa ameketi, Selma amemshika mgongo. Damu nyingi. Alichokuwa nacho mkononi cha kujipangusia ni uso wa Profesa.

Nilipata kumwona mtu huyu kama mzigo uliotupwa mlangoni kwangu na mpumbavu. Leo nimemwosha kama ningemwosha mwanangu.

11 Februari

Tumemzika. Mama yake alikuja kutoka Ratibor, hasemi Kijerumani vizuri, alinibusu mikono.

Nimechoma godoro. Nimesugua sakafu kwa magadi. Nimechemsha mapazia. Kisha nikamwuliza Selma leso iko wapi.

"Sikupi."

"Selma."

"Aliniachia mimi. Sina picha yake, sina pete, sina kitu kingine duniani. Damu yake iko humu, mama. Ukiichemsha, yeye atatoka, na hata uso alioutumainia utatoka, nitabaki na kitambaa cha waridi. Shemeji yako mwenyewe kasema."

"Ndani yake mna kifo!"

"Ndani yake mna Alois."

Nilikuwa na nguvu ya kumnyang'anya. Mikono yangu imekamua shuka za watu kwa miaka. Lakini nilimtazama jinsi alivyoikumbatia, nikafikiria ile leso ya waridi yenye doa, nikafikiria nitamwangaliaje tena. Nimekubali kwa sharti: ikae ndani ya kopo la bati, lifungwe, lisifunguliwe. Ameapa.

2 Machi

Magazeti yamegeuka. Miezi minne walimwita mkombozi, leo wanamwita tapeli. Wamehesabu waliopona na hawakumpata hata mmoja wa kumpiga picha. Vijana wamerusha matope kwenye madirisha ya kliniki, na nimemwona Bi Scholz akirusha kwa mikono miwili.

Mimi sikurusha. Mtu angeniambia Novemba kwamba nitamtetea mtu yule, ningemcheka. Maji yake ya sindano yalikuwa maji matupu, na alijua akanyamaza au aliyatangaza mapema mno, sijui, Mungu atamwuliza. Lakini yale maneno matatu nyuma ya mlango yalikuwa kweli tupu. Sasa wanayatupa yote pamoja. Juzi nilimwambia mke wa muuza maziwa achemshe leso za mwanawe, akanijibu, "Hayo si ya yule tapeli?"

8 Machi

Traugott anauza leso zilizobaki kama vitambaa vya kufutia vumbi. "Pamba nzuri," anasema. Watu wanafuta viatu kwa uso wa Profesa.

16 Machi

Theluji inayeyuka. Selma anakohoa. Mafua.

19 Machi

Siyo mafua.

23 Machi

Nilikwenda kubadilisha foronya yake asubuhi, nikamkuta amelala bado. Leso ilikuwa chini ya shavu lake. Kopo la bati liko wazi dirishani, ameweka sindano za kushonea. Amelala nayo usoni tangu Februari, kila siku, na mimi nilikuwa nikilitazama lile kopo na kuridhika.

Sikupiga kelele. Ajabu, mimi ninayefoka kwa supu iliyopoa. Niliichukua polepole nikaitia mfukoni mwa aproni.

26 Machi

Nimepeleka makohozi yake kliniki. Ukumbi mtupu, mwangwi wa hatua zangu peke yake. Yule kijana daktari aliyapaka rangi, akayaweka chini ya hadubini, kwa njia ile ile ya Profesa wake ambaye watu wanamwita tapeli. Hakuchukua muda. Alisimama, na safari hii alinitazama usoni.

Nikamwuliza kama ni leso. Akasema huenda ni hewa ya chumba, huenda ni mwili aliorithi kwa baba yake, hakuna anayeweza kujua. Labda. Mimi najua alilala na nini usoni.

Tangazo limetoka ukutani. Zimebaki alama nne za gundi.

27 Machi

Nimeichemsha. Siyo kwa kuwa inasaidia kitu sasa. Nilitaka tu kumwona akitoka, huyo mwenye macho ya upole. Niliweka sufuria ndogo jikoni, magadi mkono mzima, maji yakatokota, nikamzamisha kwa mwiko. Damu ikatoka mara moja, maji yakawa kahawia. Nikamwaga, nikaweka mengine. Nilisimama nusu saa nzima nikikoroga, nasubiri maji yawe mekundu. Hayakuwa mekundu. Nikaongeza magadi, nikaacha nusu saa nyingine.

Nikamtoa. Yupo. Yupo mzima! Ndevu zote, macho yote, mkono juu ya kichwa cha mtoto, na Mshindi wa Kifua Kikuu kuzunguka pindo, herufi kwa herufi. Nyekundu yake imekuwa safi kuliko siku alipotoka boksini. Hakuna kilichotoka isipokuwa uchafu.

Sikuvaa hata koti. Nilikwenda hadi dukani kwa Traugott na aproni, leso inadondosha maji njia nzima. Alikuwa anahudumia mteja. Nikaitupa juu ya meza.

"Nimeichemsha," nikasema.

"Ipi? Muda gani?"

"Saa nzima. Na magadi."

Akaikunjua, akaipeleka dirishani kwenye mwanga, akaigeuza mbele na nyuma. Uso ukamchangamka. "Alaa! Hata unywele mmoja haujatoka," akasema, akamwonyesha mteja. "Unaona? Nilijua kile kiwanda hakibahatishi."

"Ulijua?"

"Yaani, sasa najua."

Nikaichukua, bado imelowa, nikamchapa nayo usoni. Mara ya kwanza alifikiri natania. Mara ya tatu akajikinga, akasema, "Ernestine, una nini wewe?" Sikumwambia kuhusu Selma. Nilijua nikitamka jina lake mbele ya yale maboksi nitalia, na sikutaka kulia humo. Mteja alikuwa ameshatoka mbio.

Niliporudi Selma alikuwa ameamka, amekaa kitandani kwa mito mitatu. Mikono yake ilikuwa inapapasa tena chini ya mto, kama siku hizi nne zote. Akaniona, akaacha.

"Umeichukua."

"Nimeichukua."

"Umeichemsha, mama?"

"Nimeichemsha."

Akavuta pumzi. "Uso umetoka?"

Ilikuwa mfukoni mwa aproni, imenilowesha mpaka paja. Ningeitoa tu. Angeona kwamba kama ningemchemshia siku ile ile ya maziko, nikamrudishia ikiwa nzima na safi, angelala nayo usoni mpaka uzeeni.

"Umetoka wote, mwanangu. Kimebaki kitambaa cha waridi."

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa jambo alilolitegemea. "Unaona?" akasema. "Basi nilifanya vizuri kukukatalia."

"Ulifanya vizuri."

Nimemwekea maziwa ya moto, nikangoja ashikwe na usingizi, nikaenda kuitia ile leso kwenye moto wa jikoni. Kwa sababu ilikuwa mbichi haikushika haraka. Ilifuka moshi tu, na ilinibidi nisimame pale niigeuze kwa koleo mpaka ikakubali kuungua.